Dawa ya Kalisi: Kuondoa au Kuzuia?

Mfasiri akiandika "dawa ya kuondoa chokaa katika damu", amekosea mara mbili. Kwanza, kalisi imo katika chokaa, lakini si chokaa. Mgonjwa wa Bariadi aijua chokaa ya kupaka ukutani. Pili, dawa za jamii ya bisfosfonati haziondoi kalisi: huzuia mifupa isimomonyoke na kuimwaga damuni. Kuitoa ni kazi ya figo, zikisaidiwa na maji ya chumvi yatiwayo mshipani. Mfugaji wa Simiyu akidanganywa na neno ataacha maziwa, achelewe kurudi hospitali, ilhali chanzo mara nyingi ni saratani au tezi ndogo za shingoni. Twapendekeza "dawa ya kuzuia mifupa kutoa kalisi". Ni istilahi ndefu, lakini haipotoshi.