Lugha ya Miongozo ya Maghala: Uhakiki wa Istilahi za Kumwagika kwa Mafuta na Kemikali

Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili yanayosomwa na watu wengi pasipo kuhakikiwa na mtu yeyote ni miongozo na matangazo ya maghala ya mafuta na ya viwanda vinavyotumia kemikali. Riwaya ikitoka, wahakiki huishika na kuichambua. Karatasi iliyobandikwa mlangoni pa ghala la petroli hukaa pale mpaka ikafifia kwa jua, na hakuna mjuzi wa lugha aulizaye iwapo aisomaye ameelewa alichoagizwa. Katika makala haya tunakusudia kuipima lugha hiyo. Mfano wetu ni mwongozo mmoja uliofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wafanyakazi wa ghala fulani. Hatulitaji ghala lenyewe wala mfasiri, kwa kuwa makosa tuliyoyaona humo si yake peke yake. Tumeyakuta penginepo, na baadhi yake sisi wenyewe tuliwahi kuyatenda.

Tuanze na neno lililo kichwani mwa mwongozo huo, yaani "umwagikaji". Neno hili limeundwa kwa kufuata kanuni, wala hatuwezi kusema kuwa si Kiswahili. Lakini majina ya namna hii, kama vile uvunaji, ukaushaji na usafirishaji, aghalabu hutaja kazi au mwenendo unaoendelea. Hayataji tukio, tena hayana wingi. Sasa msimamizi wa ghala hutakiwa kuandika katika daftari lake ni mara ngapi mafuta yamemwagika mwezi huu, lini, wapi na kwa kiasi gani. Ataandikaje? Mfasiri wetu amelazimika kusema "matukio matatu ya umwagikaji wa mafuta", maneno sita kwa jambo ambalo fundi angependa kulisema kwa mawili. Na lugha ina njia fupi iliyo wazi. Kutokana na kulipuka tumepata mlipuko. Kutokana na kuporomoka, mporomoko. Kutokana na kutetemeka, tetemeko. Kwa mlinganisho huo twapendekeza "mmwagiko", wingi wake "mimwagiko", na kwa kuvuja, "mvujo" na "mivujo". Twajua kuwa hizo m mbili zinazofuatana zitawakera baadhi ya wasomaji. Lakini mtu asemaye "mmomonyoko" wa udongo kila siku bila kulalamika hana haki ya kuulalamikia mmwagiko.

Kosa kubwa zaidi ni kuwa mwongozo hutumia neno hilo moja kwa mambo matatu ambayo Kiswahili kimeyatenga tangu zamani. Paa huvuja, maji huponyoka tone kwa tone kupitia ufa au kiungo kilicholegea. Ndoo ikipinduliwa, maji humwagika. Mtungi uliotiwa maji kupita kipimo hufurika. Mama yeyote jikoni hachanganyi mambo hayo, na wala tiba zake si moja: kinachovuja huzibwa, kilichomwagika huzingirwa, na kinachofurika hukomeshwa kwa kufunga mahali kinapoingilia. Mfanyakazi aliyeambiwa kuwa tangi "linamwagika" atakwenda kutafuta tundu, na kumbe tundu halipo. Kilichopo ni bomba ambalo bado linajaza.

Msomaji asidhani kuwa tunacheza na maneno. Alfajiri ya tarehe 11 Desemba 2005, katika ghala la Buncefield, kaskazini mwa London, tangi lenye namba 912 lilikuwa likipokea petroli. Kipimo kilichoonyesha kimo cha mafuta kilikuwa kimekwama, hivyo waliokuwa zamu waliona kama petroli haipandi. Kilikuwapo kifaa cha pili cha kukata mafuta tangi likikaribia kujaa, nacho hakikufanya kazi. Petroli ikafurika juu ya tangi, mvuke wake ukatanda, ukalipuka. Watu 43 waliumia, na kwa bahati hakufa mtu. Uchunguzi ulionyesha kwamba kile kifaa cha pili kilihitaji kufuli ili mkono wake ukae mahali pake baada ya kujaribiwa. Waliokitumia walidhani kufuli hiyo ni ya kuzuia watu wasikichezee tu, na kwa hiyo haikufungwa. Mtengenezaji hakueleza bayana kazi ya kufuli. Waliohusika wote walikuwa wasemaji wa Kiingereza, lugha ambayo haina upungufu wa istilahi. Kilichokosekana ni sentensi moja iliyonyooka. Wafasiri wetu nao wakumbuke hivyo: istilahi nzuri ndani ya sentensi mbovu haimfai mtu.

Jambo la pili linahusu vitenzi. Kichwa cha sura moja ya mwongozo ni "Kuzuia umwagikaji", na sura ifuatayo inasema "Zuia mafuta yaliyomwagika". Kitenzi kimoja kimebebeshwa kazi ya kabla na kazi ya baada. Kwa mfasiri hakuna taabu, maana ana maandishi ya Kiingereza mbele yake, nayo yana maneno mawili tofauti. Kwa msomaji taabu ipo. Sisi twaona kazi ya kabla iitwe "kukinga" na jina lake liwe "kinga", kama tusemavyo katika tiba. Kazi ya kwanza baada ya mmwagiko ni kuziba au kufunga chanzo. Ya pili ni "kuzingira", ili mafuta yasisambae. Kisha ni "kuzoa", na hatimaye kusafisha. Neno kuzoa tunalipenda sana. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, nao walisema kweli kuhusu maji yaliyomwagika juu ya mchanga. Mafuta yaliyozingirwa juu ya saruji huzoleka, na mwongozo usemao "safisha" tangu hatua ya kwanza humfanya mtu achukue mpira wa maji na kuyasukumia mafuta nje, akidhani ametii.

Kuhusu kauli ya kutendeka tuna neno la kuongeza. Twasema "kikombe kimevunjwa na mtoto", lakini hatusemi "kikombe kimevunjika na mtoto". Kauli hii haimpokei mtenda. Fomu ya taarifa iliyomo mwishoni mwa mwongozo inauliza: "Eleza jinsi mafuta yalivyomwagika." Kwa swali la namna hiyo jibu la kawaida litakuwa kwamba yalimwagika yenyewe. Hata hivyo hatushauri fomu iulize "Nani aliyamwaga?", kwa kuwa mfanyakazi mwenye hofu ataficha mvujo mdogo hadi uwe mkubwa. Iulize vitu: koki ipi ilikuwa wazi, kiungo kipi kililegea, tangi lilipimwa mara ya mwisho saa ngapi. Lakini pale kiwanda kinapofungulia majitaka yake mtoni kwa makusudi, huko ni kumwaga, na mwandishi aandikaye "umwagikaji wa majitaka" anamsaidia mwenye kiwanda kujificha nyuma ya sarufi.

Tumetaja koki. Mwongozo unaandika "vali", nasi hatuna ugomvi na neno hilo katika vitabu vya uhandisi. Mafundi wengi husema koki, na tangazo la ukutani ni la mafundi. Tatizo lililo kubwa zaidi limo katika agizo "vali ya ukuta wa kinga ifungwe wakati wote". Kufunga, katika midomo ya mafundi wetu, ni kuziba njia, na pia ni kuweka kifaa mahali pake: twafunga pampu, twafunga mita ya maji. Fundi mgeni aweza kuelewa kuwa vali haijawekwa, na kwamba anatakiwa aiweke. "Koki hii ikae imefungwa, ifunguliwe kwa idhini tu" haina utata. Hapa msaada umetoka katika njeo ya -me-, na hatukuhitaji istilahi mpya hata moja.

Na huo "ukuta wa kinga" wenyewe ni nini? Kila tangi kubwa, au kundi la matangi, huzungushiwa ukuta mfupi au tuta ili mafuta yakitoka yabaki ndani. Kanuni ifuatwayo mahali pengi ni kwamba eneo hilo liweze kuchukua angalau asilimia 110 ya ujazo wa tangi kubwa kuliko yote yaliyomo. Angalia kwamba kipimo hicho ni cha eneo na uwezo wake, wala si cha ukuta. Mfasiri ameutaja ukuta, akaliacha eneo bila jina. Ndiyo maana sentensi yake kuhusu "uwezo wa ukuta" inasomeka kama kwamba inahusu uimara wa matofali. Wengine wamependekeza "bwawa", nalo halifai, kwa sababu bwawa hutakiwa liwe na maji, na eneo hili hutakiwa liwe kavu. Likijaa mvua ya masika limekwisha kupoteza nafasi yake, na hiyo ndiyo sababu likawekewa koki ya kutolea maji.

Sisi twapendekeza "jaruba". Wakulima wa mpunga wa Usukuma na kwingineko hugawanya mbuga kwa matuta, na kila sehemu iliyozungushiwa tuta wakaiita jaruba. Neno linataja eneo, linadai tuta, na linabeba ndani yake wazo la kushika kimiminika kisitoke. Mkulima huja kila asubuhi kuangalia kama tuta halikutobolewa na panya au kaa, na hufungua pengo pale tu anapotaka maji yatoke. Hatuoni ni nini zaidi mhandisi angetaka. Tutaambiwa kuwa jaruba hutakiwa lijae maji, sawa na lile bwawa tulilolikataa. Pingamizo hilo lina uzito, nasi hatulipuuzi. Ila jaruba hukaushwa kabla ya mavuno, na mkulima hulijua likiwa katika hali zote mbili.

Tufike sasa kwenye neno ambalo lingeweza kuonekana dogo kuliko yote, yaani "mtaro". Mwongozo unasema mafuta yasiingie "mtaroni". Mtaro upi? Katika ghala huwapo njia ya maji ya mvua, njia ya majitaka ya vyooni, na njia ya maji yenye mafuta yaendayo kwenye shimo la kuyatenganisha. Ya tatu hutakiwa ipokee mafuta. Ya kwanza ni hatari kuliko zote, kwa kuwa hutoka nje ya ua na kufika kwa watu. Tarehe 12 Septemba 2011, katika eneo la viwanda la Nairobi, petroli iliyovuja kutoka katika mitambo ya mafuta ilifuata mtaro hadi kwenye makazi ya Sinai. Wakazi wakatoka na ndoo na madebe kuichota. Ikalipuka, na watu wapatao mia moja wakafa. Basi mitaro hiyo mitatu na ipewe majina matatu: mtaro wa mvua, bomba la majitaka, na mfereji wa mafuta. Na hata maji ya kuzimia moto yahesabiwe kuwa ni kemikali iliyomwagika. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali liliungua karibu na Basel, Uswisi, na maji ya wazimamoto ndiyo yaliyobeba sumu za kuulia wadudu hadi mto Rhine na kuua samaki kwa mamia ya kilomita.

Tukio la Sinai, na lile la Msamvu, Morogoro, la tarehe 10 Agosti 2019, ambapo lori la mafuta lilipinduka na zaidi ya watu mia wakafa kwa namna ile ile, yanatulazimisha kulitazama neno "mvuke". Katika Kiswahili mvuke ni wa chungu: hupanda juu ukapotea. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hushuka mitaroni, hulifuata jiko la jirani. Hatuna neno bora zaidi, na hatutaki kubuni moja kwa haraka. Twashauri tu kwamba popote neno hilo litumikapo katika tangazo, lifuatwe na kitenzi "hutambaa".

Juu ya vifaa vya kunyonya mafuta hatuna mengi. "Kifyonzi" limeundwa vizuri. Lakini mwongozo uwataje mchanga na vumbi la mbao kwa majina yao, na useme kuwa vumbi la mbao halitiwi juu ya tindikali ya naitriki, kwa maana laweza kuwaka.

Mwongozo tulioutumia una matangazo kumi na manne, yote ya kubandikwa ndani ya ua. Hakuna hata moja la kutazama nje, kwa majirani, ambao kwao "kuchota" ni kitenzi cha kisimani na cha riziki. Tangazo hilo nalo linahitaji kuandikwa, na sisi hatujaridhika na sentensi yoyote tuliyoijaribu. Wasomaji wafanyao kazi Kurasini, Kipevu, Kigoma, Bujumbura au Lubumbashi watuletee maneno yatumikayo kwao kwa ukuta, kwa eneo lililozungushiwa, na kwa mtaro wa mvua, pamoja na sentensi ambayo wao wangeibandika kwenye uzio.