Watu wanne, chumba kimoja, springi moja

Kwenye meza ya mitambo ya TARDIS, chombo cha Daktari katika tamthilia ya Uingereza ya Doctor Who, kuna swichi ndogo, na juu yake maneno mawili ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa mkono kwa maka peni. Maana yake ni "rudi haraka". Mwandiko wenyewe ni wa mtu aliyekuwa mbioni. Chombo kinachokata nyota na karne, halafu kibandiko chake kinafanana na bei ya nyanya gengeni! Mashabiki wamecheka kwa zaidi ya miaka 60. Ila swichi hiyo ndiyo mkosaji wa hadithi nzima ya The Edge of Destruction, na jinsi ilivyofichwa machoni pa watu ni somo kwa yeyote anayetaka kutengeneza filamu bila fedha.

BBC ilianza kwa kuidhinisha sehemu 13 tu za tamthilia hiyo. Nne za kwanza, kuanzia 23 Novemba 1963, zilikwenda kwa watu wa mapangoni. Saba zilizofuata zikaenda kwa Wadalek, wale viumbe waliofungwa ndani ya mashine. Zikabaki mbili, na hela ya kujenga sayari nyingine au kuajiri waigizaji wageni haikuwepo. David Whitaker, aliyekuwa mhariri wa miswada, akakaa chini akaiandika mwenyewe kwa siku chache. Alichokuwa nacho ni waigizaji wanne wa kudumu na seti ya chombo iliyokwisha kulipiwa. Sehemu ya kwanza ilirushwa 8 Februari 1964, ya pili wiki moja baadaye.

Ni kiraka, sibishi. Lakini Whitaker aliona jambo ambalo waandishi wengi wa hadithi za angani huwa hawalioni: ukitaka mtazamaji ahisi upweke ndani ya chombo, huna haja ya kuwaondoa watu. Waache wote humo humo, kisha uwaondolee kuaminiana.

Njia iliyozoeleka ni ile nyingine. Katika Remember Me ya Star Trek: The Next Generation, ya mwaka 1990, Daktari Crusher anaona watu wakitoweka mmoja mmoja kwenye meli yenye watu zaidi ya 1,000, hadi anabaki akibishana na kompyuta. Katika One ya Star Trek: Voyager, ya mwaka 1998, wafanyakazi wanalazwa usingizi wa mwezi mzima na mwenzao Seven of Nine anaachwa macho, akiwa na daktari asiye na mwili ambaye naye hatimaye anamzimikia. Sehemu zote mbili ni nzuri, na zote zinategemea korido. Bila korido ndefu iliyo tupu, huwezi kuonyesha kwamba mtu fulani hayupo. Whitaker hakuwa na korido. Alikuwa na chumba cha mitambo, sehemu ya kulala, na mashine ya chakula ukutani.

Kwa hiyo akaanzia kwenye nyuso. Chombo kinapata mshtuko, wote wanne wanaanguka, taa zinafifia. Barbara Wright (Jacqueline Hill) anaamka kwanza, na baadaye mwenzake Ian Chesterton (William Russell). Hawa wawili ni walimu wa shule moja ya London, na kufikia hapa wameponea kifo pamoja zaidi ya mara moja. Ian anafungua macho, anamwita kwa jina rasmi la ofisini, na kumwambia kwamba leo amekaa kazini hadi usiku. Anasema kwa upole kabisa, kama mwalimu aliyemkuta mwenzake akisahihisha madaftari. Hakuna kelele wala muziki wa kutisha. Mimi nywele zilinisimama hapo kuliko kwa Dalek yeyote, maana sauti ni ya Ian na adabu ni ya Ian, ila mwenyewe hayupo.

Kisha unakuja mkasi. Susan, mjukuu wa Daktari (Carole Ann Ford), amelazwa kitandani. Ian anapomkaribia, binti anamnyooshea mkasi mrefu wenye ncha. Mkono unatetemeka, macho hayapepesi. Halafu badala ya kumchoma Ian analigeukia godoro la kitanda na kulidunga, tena na tena, hadi anaishiwa nguvu na kuanguka. Ndani ya BBC kulizuka malalamiko kwamba watoto wangeiga, na mtayarishaji Verity Lambert akakubali kwamba walikosea. Yawezekana. Ila tazama ufundi wenyewe: silaha ya pekee katika hadithi ni kifaa cha nyumbani, na anayeishika ni mtu ambaye mtazamaji mtoto alikuwa akijifananisha naye. Kutoka hapo huna wa kumkimbilia ndani ya chumba kile. Hata wanapoanza kujiuliza kama kuna kitu kimepenya na kujificha, wazo linalowajia upesi ni kwamba huenda kimejificha ndani ya mmoja wao.

Namna ya kurekodi nayo ilisaidia. Studio D ya Lime Grove ilikuwa ndogo na yenye joto, na kukata mkanda wa video enzi zile ilikuwa kazi ghali, hivyo onyesho lilichezwa karibu kama jukwaani, kamera kadhaa zikizunguka kwa pamoja. Mwigizaji akijikwaa ulimi, kosa lilibaki. William Hartnell, aliyecheza Daktari, alijulikana kwa kujikwaa. Kwingineko inakera kidogo. Hapa, kwa mzee aliyegonga kichwa na anayemshuku kila mtu, kila neno linalomponyoka linaonekana limekusudiwa.

Na anashuku kwelikweli. Anawatuhumu walimu kwamba wameharibu chombo makusudi ili awarudishe kwao. Ndipo Barbara anapomlipukia na kumhesabia yote waliyomtendea: nani aliyewaokoa mapangoni, nani aliyehatarisha maisha mbele ya Wadalek. Jacqueline Hill hapazi sauti mapema. Anaanza chini, anapanda ngazi moja baada ya nyingine, na mwongozaji wa sehemu ya kwanza, Richard Martin, anamwachia nafasi bila kumkatiza. Aliyewahi kulala njiani kwenye basi lililokufa injini porini anaijua hali hii. Saa ya kwanza watu wanagawana maji. Saa ya tatu wanaanza kuulizana nani alichelewesha safari kule stendi.

Sasa nisiwe mnafiki. Fumbo lenyewe limesokotwa kupita kiasi. Saa ya ukutani na za mkononi zinayeyuka, milango inajifungua kwenye mwanga mweupe, na kioo cha kutazamia nje kinaonyesha picha kwa mfululizo: mandhari ya England, sayari, sayari kwa mbali, mfumo mzima wa jua, kisha mlipuko. Baadaye tunaambiwa chombo kilikuwa kikiwaonya. Haya, chombo chenye uwezo wa kuyeyusha saa kilishindwa nini kuwasha taa moja juu ya swichi iliyokwama? Wala hatuelezwi vya kutosha kwa nini onyo hilo liwavuruge akili watu ambao ndio wanaotakiwa kulielewa.

Hata hivyo, wanaodharau springi ndio siwaelewi. Jibu la kitendawili ni hilo: Daktari alibonyeza swichi ya kurudi haraka, springi ikagoma kuirudisha juu, chombo kikaendelea kurudi nyuma hadi karibu na kuzaliwa kwa mfumo wa jua, ambako kingeteketea. Mtambo wa kutafuta hitilafu haukuinyooshea kidole swichi, kwa kuwa haikuvunjika. Ilikuwa tu imekwama pale ilipobonyezwa. Wengi wanasema ni jibu dogo mno. Mimi naona udogo wake ndio unaouma. Dakika chache kabla ya hapo mzee alikuwa tayari kuwatupa wenzake nje kwa kosa lililofanywa na kidole chake. Jini au jitu la angani lingemwondolea aibu hiyo.

Kabla Daktari hajaigundua swichi, Hartnell anapewa hotuba kuhusu jua na sayari zinavyojiumba kutoka kwenye vumbi na gesi. Frank Cox, aliyeongoza sehemu ya pili, hakuwa na uwezo wa kuonyesha hata cheche ya kitu hicho. Akafanya la busara: akafifisha chumba, akaacha mwanga kwenye uso wa mzee peke yake. Hakuna nyota inayoonekana. Kuna macho yanayong'aa kwa hofu na furaha kwa pamoja, na yanatosha.

Springi ikishaachia, wengi wangefunga pazia hapo. Whitaker anabaki na dakika za ziada kwa ajili ya Barbara, ambaye ndiye aliyeyaunganisha maonyo yale na sasa hataki kusema na mtu. Daktari anamfuata. Kuomba msamaha hajui. Anazunguka, anasifu akili zake, anamkabidhi koti kwa sababu nje kuna baridi, kisha anampa mkono watoke. Nje kumejaa theluji, na kwenye theluji kuna unyayo mkubwa mno kuwa wa mtu.

Unyayo huo ni mlango wa kuingilia Marco Polo, hadithi iliyofuata, yenye sehemu saba zilizojaa mavazi na seti zilizogharimu fedha ambazo Whitaker alinyimwa. Mikanda yake yote saba imepotea. Kilichosalia hadi leo ni ile hadithi ya chumba kimoja, na maka peni yake inasomeka vizuri tu.