Usonji, Neno Lisilokua

Neno usonji, takriban kila linapoandikwa kwa Kiswahili, huandamana na neno mtoto. Ndivyo dhana yenyewe ilivyozaliwa: mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa Marekani, aliwaeleza watoto 11. Wa kwanza wao, Donald Triplett, alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Uzee wake haukuingia katika maana ya neno.

Basi mtu wa makamo wa Mbeya au Iringa, agunduapo kwamba neno hilo ni lake, hana pa kujisoma. Majina anayo mengine, ya kupewa: mwenye kiburi, mkiwa, asiye na adabu. Kamwene ya Iringa haiishii kwenye kuitikiwa, na aitikiaye akitazama chini huhesabiwa kuwa amenuna. Miaka 50 ya kuhesabiwa hivyo si haba.

Washairi nao wana lawama. Upweke wameuimba kama adhabu ya mapenzi au jeraha la kufiwa; mara chache mno kama namna akili ilivyoumbwa. Na pengine (ajabu hii!) mizani 16 za mshororo, zisizozidi wala kupungua, zingempokea mtu huyu kwa upole kuliko baraza lolote. Aliyeko soko la Mwanjelwa, makelele yakimchoma masikio, angali anangoja ubeti wake.