Utenzi wa Vita vya Uhuru Usomwapo Mbulu na Hanang

Miongoni mwa tungo ndefu za Kiswahili za karne ya 20, Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945 wa Shaaban Robert una daraja la juu. Marehemu, aliyekuwa mtumishi wa serikali kama baadhi yetu tushikao kalamu baada ya saa za kazi, aliichukua bahari ya utenzi, ambayo tangu Utenzi wa Tambuka ilisimulia vita vya dini, akasimulia kwayo vita vya dunia nzima. Kwa upande wa fani sina la kumkosoa. Ninalolihoji limo katika jina: mwaka 1939.

Kwa Mwafrika vita vile vilianza mapema zaidi. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliingia Uhabeshi, mwanachama wa Shirikisho la Mataifa tangu 1923. Kanuni ya Shirikisho ilisema kwamba anayemshambulia mmoja amewashambulia wote. Vikwazo viliwekwa, lakini mafuta hayakuguswa wala Mfereji wa Suez haukufungwa, kwa kuwa Uingereza na Ufaransa zilitaka kumweka Mussolini upande wao dhidi ya Hitler. Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie alisimama Geneva kudai haki. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa.

Watu wa Mbulu tusidhani hayo yalikuwa ya mbali. Tanganyika yenyewe ilikuwa dhamana ya Shirikisho hilo hilo mikononi mwa Waingereza. Huko Oldeani, wakati ule ndani ya Wilaya ya Mbulu, walowezi wa Kijerumani walilima kahawa, wengine wao wakiwa wafuasi wa Hitler, huku Berlin ikidai irudishiwe makoloni. Mwaka 1939 ndipo walipotiwa kizuizini. Vijana wa Tanganyika nao walipelekwa Uhabeshi na Burma kupigania uhuru wa wengine, wakarudi kutawaliwa.

Wairaqw wana slufay, dua ya kishairi: mzee hutamka, na waliopo huitikia. Pasipo kuitikiwa, dua haijatimia. Geneva alikuwapo mwenye kutamka. Waitikiaji ndio waliokosekana, kila taifa likilinda boma lake. Ufashisti hupata nguvu hapo, utaifa unapogeuka kuwa majivuno ya mmoja na kimya cha wengine.

Kosa hilo si la Wazungu peke yao. Wairaqw na Wabarabaig wamepata kugombania malisho, kila upande ukihesabu ng'ombe wake tu. Na Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani, ingawa mkataba wake ulikataza uvamizi.

Shaaban Robert ametuachia masimulizi ya jinsi uovu ulivyoshindwa. Bado tunahitaji utenzi wa jinsi ulivyoachwa ukakua. Mshairi kijana wa Mbulu au Hanang atakayeutunga, na aanzie 1935.