Asiye na Tovuti Hana Kazi? Kuwasaka Waandishi wa Fantasia na Bunilizi za Kisayansi Mtandaoni

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, nina jambo la kukudokezea. Katika muhula wa pili mwaka 2022, niliwapa wanachama wa Chama cha Kiswahili shuleni mwetu zoezi lililoonekana jepesi. Waingie katika maabara ya kompyuta, watafute tovuti za waandishi wa fantasia na bunilizi za kisayansi, kisha waeleze tovuti hizo zinamfaaje mhakiki. Walirudi na majina manane. Yote yalikuwa ya waandishi wanaotumia Kiingereza. Chini ya orodha hiyo walikuwa wameandika hitimisho: fasihi ya Kiswahili haina bunilizi za kisayansi.

Hitimisho hilo lilinikera, lakini kosa lilikuwa langu. Niliwafunza kutafuta bila kuwafunza kupima wanachokipata na wanachokikosa. Makala haya ni jaribio la kulirekebisha kosa hilo.

Tuanze na faida, kwani zipo. Tovuti ya mwandishi humpa mhakiki kauli ya mwandishi mwenyewe bila kupitia mdomo wa mtu mwingine. Chukua mfano wa Ursula K. Le Guin wa Marekani, aliyechapisha riwaya ya fantasia A Wizard of Earthsea mwaka 1968. Mhusika mkuu, Ged, ana ngozi ya rangi ya kahawia, na wakazi wengi wa visiwa vya Earthsea si weupe. Mwaka 2004 riwaya za Earthsea zilipogeuzwa kuwa filamu ya televisheni, Ged aliigizwa na Mzungu. Watengenezaji walipodai kuwa walikuwa wakifuata nia ya mwandishi, Le Guin aliwajibu kupitia tovuti yake na kukataa kusemewa. Basi fikiria mwanafunzi anayejadili suala la rangi katika kazi hiyo akitegemea picha za filamu pekee. Atapotoka, na atapotoka kwa ujasiri.

Mfano wa pili ni Nnedi Okorafor, aliyezaliwa Marekani na wazazi kutoka Nigeria. Kitabu chake Binti, cha mwaka 2015, kilishinda tuzo za Hugo na Nebula. Jina hilo litamvutia mwanafunzi wa Kiswahili, ila mhusika mwenyewe ni wa jamii ya Wahimba wa Namibia. Mwaka 2019 Okorafor alieleza katika ukurasa wake wa mtandaoni kwa nini hapendi kazi zake ziitwe Afrofuturizimu. Alipendekeza istilahi nyingine, ambayo tunaweza kuiita ufuturi wa Kiafrika, kwa kazi zenye mizizi ya moja kwa moja katika utamaduni, historia na mtazamo wa Kiafrika, zisizoiweka nchi ya Magharibi katikati. Wahakiki wameitumia istilahi hiyo tangu wakati huo.

Je, utazifikiaje tovuti kama hizi bila kupotea njiani? Kwanza, usitosheke na jibu la kwanza linalojitokeza kwenye kompyuta. Anzia katika marejeleo yanayoaminika. Hifadhidata ya Internet Speculative Fiction Database, iliyoanza mwaka 1995, huorodhesha vitabu vya mwandishi pamoja na anwani za kurasa zake. The Encyclopedia of Science Fiction, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1979, imekuwa ikisomwa mtandaoni bila malipo tangu mwaka 2011. Pili, uliza nani anayezungumza: ni mwandishi, mchapishaji, warithi au shabiki? Le Guin alifariki mwaka 2018 na tovuti yake ingalipo. Yaliyoongezwa baada ya mwaka huo si sauti yake, hata kama jina lake liko juu ya ukurasa. Tatu, linganisha unachosoma na kitabu chenyewe.

Hatua hii ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi. Mwandishi ni shahidi wa kazi yake wala si hakimu wake. Akisema alikusudia hiki na matini yakaonyesha kile, mhakiki hushikamana na matini. Mtahiniwa, mtahini hatakutuza alama kwa kunakili wasifu wa mwandishi. Atakutuza kwa hoja iliyothibitishwa kwa mifano kutoka kitabuni.

Sasa turudi kwa lile hitimisho la wanafunzi wangu. Sikulifuta. Niliwatuma maktabani. Baada ya siku mbili, msichana mmoja alikuja ofisini na kitabu kilichochakaa, jalada limebandikwa kwa gundi ya karatasi. Kilikuwa Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi ya mwaka 1995. "Mwalimu," akasema, "huku mtu anarushwa angani!"

Naam. Dzombo anahukumiwa kifo katika nchi yake na kutiwa katika chombo kinachorushwa angani ili akaangamie. Badala ya kufa, anafika Walenisi, nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Jina lenyewe, ukilikata, linasema: wale ni sisi. Safari ya angani ni mbinu ya kumtoa msomaji nyumbani kwake ili aione nyumba hiyo kwa macho mapya. Ukikumbuka kuwa Mkangi alitiwa kizuizini mwaka 1986, utaelewa kwa nini mwandishi angetafuta masafa marefu kiasi hicho ili azungumzie udhalimu.

Mkangi alifariki mwaka 2004, wakati ambapo shule nyingi za Kenya zilikuwa bado hazina intaneti. Wanafunzi wangu hawakupata tovuti yake. Lakini hayuko peke yake katika uwanja huu. Kezilahabi aliandika Nagona na Mzingile, Said Ahmed Mohamed akaandika Babu Alipofufuka, Wamitila naye akaandika Bina-Adamu! Katika kazi hizi, uhalisia unavunjwa makusudi ili ukweli uonekane. Aliyezoea kuiita fantasia mali ya wageni na azisome upya.

Hapa ndipo hatari ilipo, mwalimu mwenzangu. Mtandao humwonyesha mtoto waandishi waliojitangaza au waliotangazwa. Mtoto naye huchukulia kuwa asiyeonekana hakuandika. Tukinyamaza, tutalea kizazi kitakachoamini kuwa Kiswahili hakijawahi kuota ndoto za angani, ilhali kitabu kinaliwa na vumbi hatua chache kutoka maabara ya kompyuta. Kutoonekana si kutokuwepo. Wanafunzi na watafute mtandaoni, kisha waende kwenye rafu.

Maswali ya Marudio

1. Eleza mambo matatu ambayo mhakiki anapaswa kuyazingatia kabla ya kutumia habari kutoka katika tovuti ya mwandishi.
2. "Mwandishi ni shahidi wa kazi yake wala si hakimu wake." Jadili kwa kurejelea riwaya yoyote uliyosoma.
3. Fafanua jinsi safari ya Dzombo inavyotumiwa kuendeleza maudhui katika Walenisi.