Mlizamu wa Paxton: Namna Jumba la Maonyesho la London Lilivyosimamishwa

Watu wanapoyataja Maonyesho Makuu ya mwaka 1851 yaliyofanyika katika jiji la London, aghalabu husifu vioo vya jumba lake na chuma chake, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini mwenye haja ya kufahamu jinsi jumba la urefu wa futi 1,848 lilivyopata kusimama katika bustani ya Hyde Park kwa miezi saba na siku chache tu, tangu nguzo ya kwanza ilipoinuliwa Septemba 26, 1850 mpaka milango ilipofunguliwa Mei 1, imempasa aanze paani, autazame mlizamu.

Shauri lenyewe lilikuwa karibu ya kuharibika kabla ya kazi kuanza. Michoro 245 ililetwa mbele ya kamati ya ujenzi, nayo isiridhike na hata mmoja. Kisha kamati ikatoa mchoro wake yenyewe, wa jengo la matofali lenye kuba kubwa la chuma, ambalo lingalihitaji matofali yapata milioni 15, na haikuelekea kwamba yangaliweza kufyatuliwa, kujengwa na kukauka kwa wakati. Tena wenyeji wa jiji walichelea kuwa jengo zito namna ile, likisha kukita katika bustani yao, halitaondoka kamwe. Hapo ndipo alipojitokeza Joseph Paxton, msimamizi wa bustani za Duke wa Devonshire huko Chatsworth, ambaye ilimu yake ya ujenzi hakuipata chuoni, bali katika miaka mingi ya kutengeneza mabanda ya vioo ya kuoteshea mimea ya nchi za joto. Rasimu yake ya kwanza aliichora juu ya karatasi ya kukaushia wino, akiwa katika mkutano wa shirika la reli, mwezi wa Juni 1850. Na mwezi uliofuata mchoro wake ulipochapishwa gazetini, watu waliupenda, na kamati haikuwa na budi kuukubali.

Asili ya hisabu yote ilikuwa bamba moja la kioo. Kiwanda cha Chance Brothers, karibu na Birmingham, kilimudu kutoa mabamba ya urefu wa inchi 49 na upana wa inchi 10, na Paxton akataka kila bamba lishuke zima, bila ya kiungo katikati, kutoka kigongo cha paa mpaka mlizamuni, kwa kuwa kila kiungo ni mlango wa maji. Kwa hiyo vigongo vilikuwa vingi na vidogo vidogo, na baina ya mlizamu na mlizamu pakawa na futi 8. Mara tatu ya kipimo hicho ni futi 24, na hizo ndizo zikawa nafasi ya kawaida baina ya nguzo na nguzo. Aliyesubu nguzo, na aliyepasua mbao, na aliyepuliza kioo, kila mmoja alifanya kazi mahali pake, mbali na mwenzake, na vipande vyao vilipokutana uwanjani vilioana.

Amma mlizamu wenyewe, ulikuwa kipande cha ubao cha futi 24, kilichochongwa kwa mashine, ambacho juu yake kilikuwa na mfereji wa kupokea mvua, na kando, upande wa ndani, vifereji viwili vyembamba vya kupokea jasho la vioo. Maana mtu aliyezoea mabanda ya mimea hujua kwamba pumzi za halaiki zikigusa kioo baridi hugeuka matone, na matone hayo yangaliangukia hariri na vitabu vya watu. Chini ya ubao palipita ufito wa chuma ulioukaza ukapindika kama uta, kati ukainuka na ncha zikainama, hata maji yakawa yanakwenda yenyewe kwenye milizamu mikubwa, na kutoka hapo yakaingia ndani ya nguzo, ambazo zilikuwa tupu, yakashuka mpaka ardhini.

Wala kazi yake haikuishia hapo. Milizamu hiyo ndiyo iliyokuwa reli za vigari vyenye mapaa ya turubai, ambamo mafundi wa vioo walikaa, wakapachika bamba baada ya bamba huku wakirudi nyuma, bila ya jukwaa lililosimamishwa toka chini na bila ya kuikimbia mvua. Kwa njia hiyo mafundi 80 waliweza kupachika mabamba zaidi ya 18,000 katika juma moja. Kwa rai yangu, huu ndio uvumbuzi hasa wa jumba lile: kipande kimoja cha ubao kubeba paa, kupitisha mvua, kukusanya jasho la vioo, na kuwa njia ya wale wanaolijenga paa lenyewe. Kasoro haikukosekana, kwani ubao huvimba na kunywea, na mvua kubwa zilipokuja paa lilivuja. Lakini kwa jumba lililokusudiwa kukaa miezi michache, kasoro hiyo ilistahimilika.

Haraka hiyo yote haikufanya uimara usahauliwe: boriti za chuma zilijaribiwa uwanjani kwa mtambo wa shinikizo la maji, moja moja, kabla ya kupandishwa. Na roshani zilijaribiwa kwa kukanyagwa na askari waliokwenda kwa hatua moja.

Limebaki suala la bei, ambalo wengi hulipita. Kampuni ya Fox, Henderson, iliyopewa kazi ya ujenzi, ilitaka pauni 79,800 ikiwa vifaa vitarudi mikononi mwake baada ya maonyesho, na pauni 150,000 ikiwa jumba litabaki kwa wenyewe. Tofauti hiyo yatosha kuonyesha kwamba tangu siku ya kwanza makandarasi walikuwa wakihesabu namna ya kulifungua jumba kama walivyohesabu namna ya kulifunga, na ndiyo sababu nguzo na boriti ziliunganishwa kwa parafujo na kabari, vitu ambavyo fundi aweza kuvilegeza. Maonyesho yalipofungwa Oktoba 15, watu wakiwa wamekwisha kuingia mara milioni 6, vipande vilifunguliwa vikapelekwa Sydenham, kusini ya jiji, na mwaka 1854 jumba likafunguliwa tena, kubwa kuliko lilivyokuwa.