Kona ya Matabaka Kumi na Mawili

Mliokuwa gatini Shela mwisho wa Juni mmejionea wenyewe. Kusi lilikolea tangu alfajiri, boti la faiba la futi 23 limetia nanga likiwa limefunikwa turubai lake jipya la kijani, na kabla ya adhuhuri ubavu wa turubai ukaachia kuanzia tezi hadi katikati, mstari umenyooka kama uliopigwa rula. Pale pale kila mtu akatoa hukumu yake: huyu nguo mbovu, yule uzi rahisi, mwingine kamba hazikukazwa. Mimi nilikwenda nikaushika ule mshono kwa mikono yangu. Uzi ulikuwa mzima, umekaa safi upande mmoja. Iliyokatika ni nguo, tundu kwa tundu, kama tiketi inavyochanwa kwenye nukta zake. Turubai lile liliharibiwa Mombasa, wiki sita kabla, siku kijana wetu aliyelishona aliposimama mbele ya cherehani mbili akachukua isiyofaa.

Nitakaa kwenye uamuzi huo kwa sababu kazi nyingine aliifanya vizuri: kiolezo kilikatwa juu ya boti lenyewe, viraka vikatiwa kila penye kusugua, mgongo ukapandishwa ili maji yasituame, na uzi ukawa poliesta V-69. Hayo basi.

Nilikuwa naye siku hiyo. Cherehani ya kwanza ilikuwa Juki LU-563, kichwa cha chuma kimekaa juu ya meza yake, mali ya fundi anayeshona viti vya matatu na ambaye alikuwa akitafuta mashine nyingine. Rangi imebanduka, meza imejaa alama za chaki, lakini gurudumu ukilizungusha kwa kidole linakwenda bila kelele. Ya pili ilikuwa mpya ndani ya boksi lake, nyeupe, ya plastiki, mishono ya aina 32, na ubavuni kibandiko kinachotangaza kwamba ni ya kazi nzito. Bei zilikaribiana.

Fundi hakuongea sana. Alichukua kipande cha ile kanvasi yetu ya pamba, akakikunja mara tatu kikawa matabaka manane, akainua mguu wa cherehani kwa goti, akakitia chini yake. Akaenda pole pole kutoka kwenye tabaka moja akapanda hadi manane, akashuka tena, hakugusa nguo kwa nyuma hata mara moja. Alipokitoa alikigeuza mbele yetu. Mishono ilikuwa sawa juu na chini, urefu ule ule mlimani na bondeni. Ilitosha. Mtu anayetaka kufunika boti hahitaji ushahidi mwingine.

Kijana akaniuliza, “Ami, hii ya kubebwa na watu wawili nitaifikisha vipi Shela? Na kumbe inashona mshono mmoja tu.”

Nikamwambia, “Mwanangu, turubai la boti lataka mshono mmoja tu, ulionyooka. Na punda wapo.”

Akanunua ile nyeupe.

Sasa tazameni ilivyokwenda kazini. Katika cherehani ya kawaida, ya nyumbani au ya fundi wa nguo, kinachosogeza kitambaa ni meno ya chini peke yake. Mguu wa juu kazi yake ni kukandamiza. Wenyewe hauendi popote. Kwenye poplini au kitenge hilo halina neno, kwa sababu tabaka la juu hulifuata la chini. Kwenye kanvasi nzito mambo hubadilika: meno yanalivuta tabaka la chini, mguu unalizuia la juu, na kila mshono unalitanguliza la chini kidogo. Mshono wa ubavuni kwenye boti lile ulikuwa na mita 7. Alipofika mwisho, kipande cha juu kilibaki na ziada ya vidole vinne vizima. Akafumua, akaanza upya, mara hii akiivuta nguo kwa nyuma kwa mkono wa kushoto ili kuisaidia mashine.

Kuvuta huko ndiko kunakovunja sindano, na watu huilaumu sindano. Sindano ya cherehani ya nyumbani kwa kawaida haizidi namba 18. Ikiwa imezama ndani ya kanvasi na wewe unaivuta nguo, inapinda, inashuka kando ya tundu lake, inagonga kibati, inakatika. Alivunja tatu. Akaacha kuvuta. Mashine nayo, meno yake yakiteleza chini ya mzigo, ikaanza kufupisha mishono yenyewe. Kipimo alikiweka 4. Nilipoupima ule mshono uliopasuka nikakuta milimita 2, mahali pengine chini ya hapo. Fanyeni hesabu. Mshono wa milimita 2 unatoboa matundu 500 kwa kila mita. Mshono wa milimita 6, unaostahili nguo ya uzito ule, hautoboi hata 170. Kisha, kwa kuwa mishono mingine iliruka, akapita juu yake mara ya pili. Hapo tunazungumzia matundu 1,000 kwenye mita moja ya kanvasi inayotazama kusi.

Na bado hatujafika konani. Mshono wa ubavuni ulikuwa ule wa kukunjia ndani, kama wa mguu wa suruali ya jinzi, yaani matabaka manne. Upindo wa chini umekunjwa mara mbili, yaani matatu. Pale mshono unapoingia ndani ya upindo, manne yanazidishwa kwa matatu: matabaka 12. Kanvasi ile ina unene wa milimita 0.7 hivi, kwa hiyo kona moja ni zaidi ya milimita 8 za pamba iliyobanwa. Mguu wa cherehani ya nyumbani huinuka kama milimita 6. Kona haikuingia. Akaipiga kwa nyundo ilainike, akaisukumiza chini ya mguu, akalizungusha gurudumu kwa mkono. Tazameni picha za kona ile mlizopiga wenyewe gatini: mishono imelala kama nyasi zilizokanyagwa, hakuna miwili inayolingana. Mpasuko ulianzia hapo.

Juki ile ingefanya nini? Ndani yake sindano yenyewe hutembea. Inazama kwenye nguo, halafu sindano, meno na mguu wa ndani vinasogea nyuma pamoja, hatua moja, huku mguu wa nje umeinuka. Kisha mguu wa nje unashuka kuishika nguo wakati vile vitatu vikirudi kuanza hatua nyingine. Matabaka yote yamechomwa na sindano moja na yanabebwa na sindano hiyo hiyo, hivyo la juu halina pa kubaki nyuma. Ndiyo maana fundi hakuishika nguo kwa nyuma. Na sindano za mashine hizo, za mfumo wa 135x17, zinafika namba 20 na 22 bila shida, kwa hiyo siku ukitaka uzi mnene zaidi kama V-92 au V-138 njia iko wazi.

Mtaniambia cherehani ya namna hiyo haipatikani. Inapatikana kila mji wenye gari. Nimesema miaka na miaka kwamba anayetaka cherehani ya boti asiende duka la cherehani, aende kwa mafundi wa viti vya gari, maana ngozi ya kiti juu ya sponji juu ya kitambaa ni tatizo lile lile la matabaka, na wao walilitatua zamani. Wamarekani wenye boti wana kampuni ya Sailrite huko Indiana, inayouza mashine ya kubebeka yenye mguu unaotembea, LSZ-1, mahsusi kwa kazi hii. Ni nzuri, lakini bei ni zaidi ya dola 1,000 kabla ya meli na ushuru. Viti vya matatu viko karibu zaidi.

Hapa lazima niseme tena kuhusu zigizaga, kwa sababu kila mwaka mtu hunijia akidai hawezi kushona kitu cha baharini bila zigizaga. Zigizaga ni ya tanga. Tanga hujaa upepo na kuvutika, na mshono wa zigizaga huvutika nalo. Kifuniko kinachokaa juu ya boti hakihitaji. Ukilipia mishono 32 umelipia mishono 31 ya magauni.

Na lile suala la mota. Watu huuliza mota ina nguvu gani kabla hawajauliza nguo inasogezwaje. Mota kubwa juu ya meno dhaifu inaharibu haraka zaidi, basi. Meza nyingi za kiwandani huja na mota ya klachi inayokimbia hata usipotaka. Ibadilishwe iwekwe ya sevo, ambayo hutii mguu na huweza kwenda mshono mmoja mmoja. Turubai halishonwi mbio.

Kuhusu vibandiko vya kazi nzito, nina kidonda cha zamani. Duka moja liliwahi kuniuzia uzi wa nailoni ulioandikwa kwamba ni wa kazi za nje. Ulipita msimu mmoja wa kaskazi, jua likaula, ukawa unakatika ukiugusa. Nailoni ina nguvu kivulini. Juani poliesta huishi zaidi. Tangu siku hiyo sisomi maandishi ya boksi. Nafungua ubavu wa mashine nione gia. Nyingi za hizi nyeupe zina gia za plastiki ndani, na gia ya plastiki ikikutana na kona ya matabaka 12 meno yake hung'oka.

Cherehani nyeusi ya miguu ya bibi zetu, Singer ya daraja la 15 au Butterfly ya Shanghai iliyonakiliwa kutoka kwake, nayo husogeza nguo kwa meno tu. Lakini ndani yake ni chuma kitupu, ina gurudumu zito linalosukuma sindano kwa uzito wake, na miguu yako ndiyo inayoamua mwendo. Ukiweka utepe wenye gundi pande mbili kati ya matabaka na alama kila shibiri, unaweza kumaliza kifuniko cha mashua ndogo kwa heshima. Kati ya nyeusi ya miaka 60 na nyeupe ya jana, kwa turubai, ningechukua nyeusi bila kufikiri.

Na kabla yake walikuwapo washona matanga. Utotoni nilikaa nao sana kivulini, tanga limetandazwa mchangani, kiganja cha ngozi mkononi cha kusukumia sindano, bonge la nta pembeni. Kitu cha kwanza walichofanya kabla ya kushona ni kulaza vipande viwili sambamba na kupiga alama za mkaa zikatizazo kingo zote mbili, kila dhiraa. Kisha wakashona alama kwa alama. Kama kipande kimoja kimeanza kuzidi, wanajua ndani ya dhiraa moja na wanakigawa papo hapo. Sindano yao ilichoma matabaka yote kwa mkupuo mmoja, vidole vimeyashika pamoja, wakaivuta na uzi wake. Ile Juki kwa chuma chake inafanya walichokuwa wakifanya wazee wale kwa vidole. Sijaona tanga lao hata moja likiachia kwenye mshono. Yalichanika katikati ya nguo, yamechakaa kwa jua, mshono bado umeshika.

Alama za mkaa hazina gharama. Kijana wetu hakupiga hata moja, kwa kuwa kijitabu cha mashine hakikusema.

Turubai lipo barazani kwake, limekunjwa. Nimelikagua lote na halijafa. Nguo ni nzima ukiacha ule ukanda wa matundu. Mishono ya urefu iko miwili; kila mmoja ukiondolewa ukanda wake na kushonwa upya unakula kama sentimita 4, jumla 8 kwenye upana. Yeye aliacha sentimita 15 za kuning'inia kila upande, hivyo litafunika bado. Nimempigia simu fundi wa viti. Juki haijauzwa. Amesema turubai lipelekwe likiwa limeshafumuliwa na nyuzi zote zimetolewa, kingo zimepigwa alama, na tumpelekee sindano namba 20 za 135x17, kwa sababu za kwake zimebaki mbili.